Fahamu: Mshipa wa moyo uliokosea njia
Mishipa ya korona, inayoulisha moyo damu, huchipuka kwenye aota, yaani mshipa mkuu wa mwili; lakini kwa watu wachache ule wa kushoto huanzia upande wa kulia na kupita kati ya aota na mshipa uendao mapafuni, hivyo mbio kali huweza kuubana na moyo kusimama ghafla. Kipimo cha umeme wa moyo mara nyingi hakionyeshi kitu, ilhali picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, ambayo mkazi wa mtaa wa Muthangari, Nairobi, huweza kuipata Hospitali ya Aga Khan, Parklands, hudhihirisha tundu la mshipa, likiwa jembamba kama ufa, na njia unayofuata. Ukikosea njia ule wa kulia, hatari huwa ndogo, na si kila mgonjwa hupasuliwa.