Pua iliyovunjika haisubiri: Mgonjwa atarajie nini kwenye upasuaji wa pua

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kata ya Kemambo, wilayani Tarime, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara na mashimo ya wachimbaji wadogo vimepakana na makazi ya watu, pua kuvunjika si jambo la kustaajabisha. Jiwe huporomoka, pikipiki hupinduka, ugomvi huzuka. Majeruhi huoshwa damu, hupewa dawa ya maumivu, na uvimbe ukipungua hurejea kazini. Miezi kadhaa baadaye ndipo hubaini kuwa pua imelalia upande mmja na tundu moja halipitishi hewa.

Kwa wakati huo nafasi ya tiba nyepesi imekwisha kupita. Mifupa ya pua huanza kuunga mapema, na kwa mtu mzima daktari anaweza kuirudisha mahali pake bila kupasua ndani ya wiki mbili hivi tangu kuumia. Kwa mtoto muda huo ni mfupi zaidi. Kazi hiyo hufanyika kwa ganzi au kwa nusu kaputi ya muda mfupi. Baada ya hapo mgonjwa hulazimika kusubiri miezi kadhaa hadi kidonda cha ndani kitulie, kisha afanyiwe upasuaji kamili ambao ni mrefu, ghali na unaohitaji daktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Ipo hali moja isiyosubiri hata wiki. Damu inaweza kujikusanya ndani ya ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Ukuta huo kwa sehemu kubwa ni gegedu, yaani mfupa laini, na gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye utando unaoifunika. Damu ikiutenga utando na gegedu kwa siku mbili au tatu, gegedu huanza kufa, usaha huweza kuingia, na mgongo wa pua hubonyea mithili ya tandiko la punda. Dalili zake ni pua kuziba pande zote mbili baada ya kipigo, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na uvimbe laini unaoonekana ndani ya matundu. Mwenye dalili hizo afike hospitali siku hiyo hiyo. Afanye vivyo hivyo anayetokwa na maji meupe yasiyokoma puani baada ya kuumia kichwa, kwani yaweza kuwa majimaji yanayouzunguka ubongo.

Aliyeumia katika ajali au ugomvi huhitajika pia kuwa na fomu ya polisi, maarufu kama PF3. Ni vema ichukuliwe mapema, maana siku zinazopotea katika kuifuatilia zinahesabiwa ndani ya zile wiki mbili.

Upasuaji wa pua una nyuso mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Upo unaolenga kupumua: kunyoosha ukuta wa kati uliopinda, kupunguza nyama za pembeni zilizovimba, au kuondoa vinyama vilivyoota. Upo pia unaolenga sura: kuinua mgongo wa pua, kupunguza upana wa matundu, kurekebisha ncha. Mara nyingi yote mawili hufanyika kwa pamoja, hasa kwa aliyevunjika, kwa sababu pua iliyopinda kwa nje huwa imepinda na kwa ndani.

Wala si kila pua iliyoziba inahitaji kisu. Watu wengi wana ukuta wa kati uliopinda kidogo na hawana shida yoyote. Mwingine huzibwa na mzio wa vumbi, na anayeshinda kwenye karasha la kusagia mawe anaweza kupata nafuu kwa dawa ya kupuliza na kitambaa cha kuziba pua kuliko kwa upasuaji. Mwingine tena amejiletea mwenyewe kwa kutumia matone ya kuzibua pua wiki baada ya wiki. Matone hayo yakizidi siku chache huifanya pua izibe zaidi.

Anayetaka kubadili sura pekee hana haraka, na hapaswi kuharakishwa. Asubiri kwanza pua imalize kukua, jambo ambalo kwa wasichana hutimia karibu na miaka 16 na kwa wavulana huchelewa zaidi. Hapa nchini huduma hii si ya kigeni tena: Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji wa urembo mwaka 2023. Pamoja na hayo wapo wanaojipatia vichocheo vya sindano vya kujaza pua katika saluni. Hiyo ni hatari kubwa, kwani dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuua ngozi ya pua au kupofusha jicho.

Asidhani mtu kuwa fani hii ilizaliwa kwa ajili ya majivuno. Waganga wa India ya kale walitengeneza pua kwa ngozi ya usoni kwa watu waliokatwa pua, na mwaka 1814 daktari Joseph Carpue wa London aliifuata njia ya Kihindi kumtibu askari. Kusudi lilikuwa kumrudisha mtu mbele za watu.

Mgonjwa anapoamka atarajie kupumua kwa mdomo kwa siku kadhaa, maana pua huwa imezibwa au imevimba. Uso huvilia damu kwa wiki mbili hivi. Kifuniko kigumu cha nje huondolewa baada ya wiki moja. Hatakiwi kupenga kamasi kwa wiki mbili, wala kuinua mizigo au kucheza mpira kwa wiki nne hadi sita. Kwa mchimbaji anayelipwa kwa siku, wiki hizo sita huenda zikawa gharama kubwa kuliko upasuaji wenyewe, na ni heri azipangie kabla. Aache sigara, na amweleze daktari dawa zote anazotumia, aspirini ikiwa mojawapo.

Sura ya mwisho haionekani kabla ya mwaka mmoja, na kwa ngozi nene, kama ilivyo kwa Waafrika wengi, uvimbe wa ncha huchelewa zaidi. Ganzi ya ncha ya pua hudumu miezi. Takribani mtu mmoja kati ya kumi hurudi kurekebishwa tena. Daktari anayeahidi pua ya kwenye picha aogopwe.

Kwa wakazi wa Kemambo, safari huanzia hospitali ya Tarime, kisha ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, na hatimaye Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 250 kutoka Tarime. Mgonjwa aulize mapema siku ya kuondolewa kifuniko: kurudi nyumbani na kwenda tena ndani ya wiki moja ni nauli mara mbili, na wengi huona nafuu kupata ndugu wa kufikia Mwanza hadi siku hiyo ipite.