Rubani na Setilaiti

Mfasiri wa miongozo ya safari za baharini hulikuta neno urambazaji limebebeshwa shughuli mbili zisizofanana. Neno hilo limekwisha kupanuka hata likafika katika kurasa za kompyuta. Hatulikatai, twasema tu kwamba hapa halitoshi.

Shughuli ya kwanza ni ya rubani. Kabla ya kuhusishwa mno na ndege, rubani alikuwa mjuzi wa maji ya mahali. Huzitazama alama mbili za nchi kavu, mathalani mnara na mbuyu, hata zilingane moja nyuma ya nyingine, akajua mlango ulipo kati ya miamba. Hupima kina kwa bildi, na hujua kama ni bamvua au maji mafu.

Ya pili ni ya kipokezi. (Tumeepuka kukiita chombo, maana baharini chombo ni jahazi lenyewe.) Kipokezi hunasa mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4, hukokotoa masafa kwa muda wa safari ya mawimbi hayo, kisha hutoa latitudo na longitudo. Fungu la mchanga lililohama tangu ramani ilipochorwa hakilijui.

Hivyo twapendekeza urubani wa pwani kwa ile ya kwanza, na uongozaji kwa setilaiti kwa hii ya pili. Mwongozo unapoonya kwamba ya pili isichukue nafasi ya ya kwanza, onyo hilo hupotea iwapo zote mbili zimeitwa urambazaji. Na huenda msomaji wake yu karibu na mwamba, usiku, maji yakitoka.