Je, Wajua? Nyaya Mbili Zinazogeuza Usukani wa Ndege ya Rimoti

Waya hauwezi kusukuma, na bado ndege inatii

Katika ndege nyingi kubwa za rimoti, usukani wa mkiani hugeuzwa na nyaya mbili nyembamba, na hakuna hata mmoja unaoweza kusukuma! Ni kama kamba ya kisima: hupandisha ndoo, lakini haiwezi kuisukuma ishuke. Basi waya mmoja huvuta usukani kushoto, wa pili huuvuta kulia. Ajabu ni kwamba udhaifu huu ndio faida yake. Ufito mrefu ukisukumwa hupinda, na mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba ukiurefusha mara mbili, nguvu inayotosha kuupinda hushuka hadi robo. Waya unaovutwa hauna cha kupinda, hata ukiwa na unene usiofika milimita moja.

Gramu 50 za mkiani hudai gramu 150 za puani

Servo ni mota ndogo yenye mkono, na mkono huo ndio unaovuta nyaya. Kwa nini isifungwe mkiani kabisa, karibu na usukani? Kwa sababu ya mizani. Ikiwa mkia uko mbali na kitovu cha uzito mara tatu ya pua, kila gramu 50 utakazoweka nyuma zitahitaji gramu 150 za risasi mbele. Nyaya hizi ni nyepesi mno, kwa hiyo servo hukaa katikati ya ndege na kuuamuru mkia kwa mbali.

Mabaharia wa Bahari ya Shamu walifanya hivi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita

Hili lilinishangaza kuliko yote. Mwanajiografia al-Muqaddasi, aliyeandika mnamo mwaka 985, anaeleza jinsi nahodha alivyopanda juu kuchungulia miamba ya Bahari ya Shamu. Akiona hatari hupiga kelele, vijana wawili huirudia sauti yake, na mshika usukani, mwenye kamba mbili mkononi, huvuta ya kulia au ya kushoto. Kamba mbili, kila moja ikivuta upande wake: mpango ni uleule uliomo ndani ya ndege ya rimoti, ila sauti ya vijana wale sasa ni mawimbi ya redio. Servo hupokea amri yake kama mara 50 kwa sekunde, nayo hupima urefu wa kila mpigo: milisekunde 1.5 maana yake usukani ukae katikati, na mpigo ukirefuka au kufupika kidogo, usukani hugeuka.

Duka la vifaa vya uvuvi lina vipuri vya ndege

Waya unaopendwa na mafundi wengi wa ndege hizi ni uleule wa wavuvi: nyuzi za chuma kisichoshika kutu zilizosokotwa na kuvikwa nailoni, zinazofungwa karibu na ndoana ili samaki wenye meno makali kama nguru wasiukate mshipi. Ncha yake haifungwi fundo. Hupitishwa ndani ya kibomba kidogo cha shaba, hurudishwa kuunda kitanzi, kisha kibomba hubanwa kwa koleo.

Nyaya zikipishana, usukani hugeuka kinyume

Mara nyingi nyaya hupishana ndani ya ndege kama herufi X, ili zitokee ubavuni kwa mstari ulionyooka kuelekea mkia. Matokeo yake, kulia huwa kushoto! Dawa yake ni kubadili mwelekeo wa servo kwenye rimoti. Lakini nyaya zisigusane wala kusuguana pale zinapopishana.

Kukaza sana ni kosa

Waya uliokazwa kama uzi wa gitaa huielemea servo na kuila betri bure. Uliolegea nao ni hatari zaidi: kwa mwendo mkali usukani huweza kuanza kupepea, na mtetemo huo ukishika kasi hung'oa bawaba. Siri iko kwenye vipimo. Mkono wa servo ukilingana na ule wa usukani, na matundu ya usukani yakiwa sawasawa na mstari wa bawaba, waya mmoja hutoa urefu uleule ambao mwenzake anauchukua. Matundu yakisogea mbele au nyuma ya mstari huo, mkazo hubadilika kila usukani unapogeuka.

Hata Boeing 737 inazo

Kenya Airways na Air Tanzania wanarusha ndege za aina hii, na ndani yake nyaya za chuma hutoka kwenye kanyagio za rubani hadi mkiani, ambako mitambo ya mafuta yenye shinikizo hufanya kazi nzito. Huko juu baridi huleta mchezo wake. Bodi ya aluminiamu ya meta 30 ikipoa kwa nyuzi 70 za Selsiasi, hufupika kwa karibu sentimita 5, huku waya wa chuma ukifupika nusu tu ya hapo. Ndiyo maana nyaya za ndege kubwa huwekewa kifaa cha kulinda mkazo. Mwenye ndege ya rimoti ya mbao hana kifaa hicho; hupima mkazo kwa kidole kabla ya kuruka, kwani mbao nazo hubadilika na unyevu.

Kahawa ya usiku iliuachia usukani

Oktoba 1902, mvumbuzi wa ndege Orville Wright alikunywa kahawa nyingi, akakosa usingizi. Usiku ule aliwaza: pezi la nyuma la ndege yao isiyo na injini, lililokuwa halisogei, lifanywe ligeuke. Asubuhi kaka yake Wilbur aliongeza lake: liunganishwe na nyaya zilezile zinazopinda mabawa. Desemba 17, 1903, ndege yao yenye injini iliruka ikiwa na mpango huo.

Mpira uliosokotwa ulikuwa servo

Mapacha Walter na William Good wa Marekani walirusha ndege yao ya redio, Guff, mwaka 1937. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Nguvu ya kugeuza usukani ilitoka kwenye mpira uliosokotwa, na redio kazi yake ilikuwa kuufungulia tu. Mpira ukiisha kusokotoka, hakuna tena kugeuka.