Feni ya Kompyuta: Ukimya Usinunuliwe kwa Joto

Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, ipo mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Utafiti wa kisayansi ulianza hapo mwaka 1902, wakati wa utawala wa Kijerumani. Katika utulivu wa usiku wa mahali kama hapo, kompyuta moja yatosha kujaza chumba kwa mvumo. Mara nyingi chanzo ni feni iliyomo katika kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Je, feni hiyo yaweza kubadilishwa ili kelele ipungue? Yaweza, lakini yafaa kwanza kuifahamu kazi yake.

Kisanduku hicho hupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti chache, kama vile 12 na 5. Sehemu ya nishati hupotea ikiwa joto. Kikipokea wati 300 na kutoa wati 240, wati 60 zilizosalia ni joto. Ili joto hilo liondolewe bila hewa kupanda zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, zahitajika gramu 6 za hewa kila sekunde. Mjini Tanga, ufukoni, gramu hizo ni lita 5 hivi. Amani, ambako hewa ni nyepesi zaidi, ni kama lita 5.5 ikiwa hewa ina joto lile lile.

Kelele hutokana na mapanga yakatayo hewa, au na beringi iliyochakaa. Mizunguko ikipunguzwa nusu, kelele ya hewa hushuka kwa desibeli 15 hivi. Lakini hewa ipitayo nayo hupungua nusu. Hapo ndipo penye mtego. Suluhisho ni feni pana: ile ya milimita 120, yenye umbo sawa na ya milimita 80, hupitisha hewa ile ile kwa mizunguko isiyofika theluthi.

Vumbi lililogandamana na unyevu huweza kuyumbisha mapanga, hivyo pengine kusafisha kwatosha. Beringi ikiwa imekwisha, feni mpya iwe ya volti na ukubwa ule ule, ipitishe hewa isiyopungua ya awali, na ielekezwe upande ule ule. Mwenye kutaka feni pana ni heri anunue kisanduku kilichoundwa nayo.

Hata baada ya waya kuchomolewa, kapasita zilizomo ndani huweza kubaki na volti zipatazo 325, ambazo ndizo kilele cha wimbi la volti 230. Volti hizo huua. Kwa hiyo kukifungua kisanduku ni kazi ya fundi aliyehitimu, si ya mwanafunzi.

Kazi ya mwanafunzi ni kupima. Kwa kipimajoto, na apime hewa iingiayo na itokayo, kabla na baada ya badiliko, kompyuta ikifanya kazi ile ile. Tofauti ikiongezeka maradufu, hewa ipitayo imepungua nusu: ukimya umenunuliwa kwa joto, na kompyuta itaungua kimya kimya.