Rufaa na Lugha ya Kumbukumbu: Mfano wa Kehancha

Neno rufaa lina asili ya Kiarabu, na shina lake katika lugha hiyo lina maana ya kuinua. Kinachoinuliwa, hata hivyo, si mashahidi bali maandishi. Jambo hili lina uzito wa pekee Kehancha, mji wa Wakuria ulio karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania.

Mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya hakimu mjini humo ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo hukaa Migori. Njia nyingine ni mapitio: Mahakama Kuu yaweza kuitisha kumbukumbu za shauri ili ijiridhishe kwamba uamuzi ni sahihi na halali. Ibara ya 165 ya Katiba ya 2010 inaufikisha usimamizi huo hata kwenye mabaraza yasiyo mahakama hasa. Katika shauri la Okeno la mwaka 1972, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa hupaswa kuupima upya ushahidi wote, huku ikikumbuka kwamba yenyewe haikuwaona wala kuwasikia mashahidi.

Lakini ushahidi huo ni wa lugha gani? Kwa sheria, Mahakama Kuu hutumia Kiingereza; mahakama za chini, Kiingereza au Kiswahili. Shahidi asemapo Kikuria, mkalimani huyatia maneno yake katika Kiswahili, na hakimu, kwa desturi, huyaandika kwa Kiingereza. Ichukuliwe kwamba shahidi alimtambua mshtakiwa saa moja ya usiku. Mwandishi akiteleza akaandika 1 badala ya 7, magharibi yenye mwanga hafifu imegeuka usiku wa manane, na ushahidi wa utambuzi hutegemea mwanga! Jaji ataipima kwa uadilifu saa ambayo shahidi hakuitaja. Neno ndugu nalo ni hivyo hivyo: laweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa ami, au mtu wa ukoo, Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua.

Kosa hilo si rahisi kurekebishwa juu zaidi, kwa kuwa rufaa ya pili ya jinai huhusu hoja za sheria tu. Katiba humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Haiagizi kwamba maneno ya asili yahifadhiwe.

Ng'ambo ya mpaka, sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi pale haki itakapokihitaji. Hapo hatua ya pili ya tafsiri imepunguzwa. Ya kwanza, ile ya kutoka Kikuria, ingali pale pale.