Kunguru wa Kihindi na viota vya bustani za Pwani

Kunguru wa Kihindi ndiye mharibifu mkubwa wa viota katika bustani za pwani ya Afrika Mashariki. Ni ndege mwenye urefu wa takriban sentimita 40, mweusi wa kung'aa, mwenye shingo na kifua cha kijivu, na hana weupe popote mwilini. Mombasa wengi humwita kurabu. Kunguru wa asili wa nchi hizi, yule mwenye kifua cheupe na mstari mweupe uliozunguka shingo, ni mkubwa kidogo na ni ndege mwingine kabisa. Kabla ya kumlaumu kunguru kwa lolote, kwanza atazamwe kifua.

Kula mayai na makinda si jambo geni kwa ndege. Tipitipi, anayesikika vichakani kwa sauti kama ya maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, hula konokono, vyura na nyoka wadogo, na akikikuta kiota hakiachi. Kipanga huwanyakua tetere wakiwa hewani. Mwewe hushuka uani akaondoka na kifaranga huku mama yake akipiga kelele. Lakini ndege hawa wamekaa pamoja na mawindo yao kwa vizazi visivyohesabika, na mawindo nayo yana kinga zake. Mnana hufuma kiota kwenye ncha ya kuti la mnazi au tawi linaloning'inia juu ya maji, mlango ukielekea chini. Chozi hutundika kiota chake kidogo mahali ambapo tawi jembamba haliwezi kubeba ndege mzito. Kiota kikiharibiwa, wengi hujenga kingine na kutaga tena msimu huohuo.

Uingereza mjadala kuhusu ndege wala viota ni wa siku nyingi. Huko yupo ndege wa jamii ya kunguru aitwaye magipai, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu, ambaye hupekua viota bustanini mchana kweupe. Wenye bustani humlaumu kwa kupungua kwa ndege waimbao. Watafiti walipochambua kumbukumbu za hesabu za ndege zilizokusanywa kwa miaka mingi, hawakuona kwamba ndege hao walipungua zaidi mahali magipai walipoongezeka. Mla viota aliye mwenyeji, hata akichukiza macho, kwa kawaida hawamalizi majirani zake.

Kunguru wa Kihindi, kwa upande wake, si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, toka Pakistani hadi Myanmar, pamoja na Sri Lanka. Aliletwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, muda mfupi baada ya visiwa kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na lawama ya kuagizwa kwake huelekezwa kwa mwakilishi wa Uingereza wa wakati huo, Sir Gerald Portal. Kusudi lilikuwa usafi. Mji ulikuwa na taka nyingi, na ndege mla mizoga na mabaki alionekana kuwa mfagiaji asiyedai mshahara. Kufikia mwaka 1917 ndege huyo alikuwa ameshatangazwa kuwa mharibifu, na watu wakilipwa kwa kuwaangamiza. Uamuzi wa kumleta ulikuwa mbaya, na gharama yake inaendelea kulipwa hadi leo na watu ambao hawakuulizwa.

Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Dar es Salaam alijaa katika miongo iliyofuata, kisha akafuata barabara na reli kuelekea bara: Morogoro na Dodoma kwa upande wa Tanzania, Voi na Mtito Andei kwa upande wa Kenya. Meli nazo humsafirisha. Hutua juu ya sitaha, akalishwa mabaki na mabaharia, akashuka bandari inayofuata. Ndivyo alivyoenea katika bandari nyingi za Bahari Hindi, Bahari ya Shamu na Ghuba. Jambo la kuzingatia ni kwamba haishi msituni mbali na watu. Haijulikani jamii ya kunguru hawa inayojitegemea bila makazi ya binadamu. Palipo na soko, machinjio, uwanja wa kuanikia dagaa au jalala, hapo ndipo alipo.

Namna anavyoharibu viota inaeleza kwa nini ndege wadogo hawamwezi. Hawindi peke yake. Wawili au zaidi hukaa juu ya mti au ukingo wa paa na kutazama ndege wanaobeba majani au wadudu, mpaka wajue kiota kiko wapi. Kisha mmoja huwavuta wazazi wamfukuze na mwingine huingia. Kiota cha mnana, ambacho tipitipi angehangaika nacho, hukipasua ubavuni kwa mdomo wake mnene. Kundi la minana likiwa limejenga katika mnazi mmoja, kunguru hurudi siku hadi siku mpaka mti mzima usalie na viota vitupu. Njiwa, shore na chozi hupatwa na hayohayo. Hata mwewe na kunguru wa asili hawapati nafasi, kwa sababu huzingirwa angani na kundi na kufukuzwa. Ndiyo maana katika miji mingi ya pwani kunguru mwenye kifua cheupe amekuwa adimu, naye ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Hasara haiishii kwa ndege wa porini. Mfugaji wa kuku wa kienyeji anayeacha vifaranga uani bila ulinzi anaweza kuwapoteza wote kwa siku chache. Maembe na mapapai hudonolewa yakiwa mtini. Na kwa kuwa ndege huyo hutoka jalalani na kutua kwenye meza ya mgahawa au kwenye tangi la maji lisilofunikwa, huweza kubeba vijidudu vya magonjwa ya tumbo.

Uzazi wake hauna kizuizi kikubwa hapa. Jike hutaga mayai matatu hadi matano, huyaatamia kwa siku 16 au 17, na makinda huruka baada ya wiki tatu hadi nne. Kiota hujengwa kwa vijiti, na mjini kwa vipande vya waya. Kwao India yupo koeli, ndege wa jamii ya kekeo, ambaye hutaga ndani ya kiota cha kunguru na kumwachia kazi ya kulea. Pwani ya Afrika koeli huyo hayupo. Chakula nacho, kwa wingi wa taka zilizoachwa wazi, hakiishi.

Juhudi za kumpunguza zimefanywa kwa vipindi. Mitego mikubwa ya vizimba, ambayo ndani yake huwekwa kunguru hai wa kuwavuta wenzake, hufanya kazi mwanzoni. Baadaye waliosalia hujifunza kuikwepa. Kilicholeta matokeo makubwa zaidi ni sumu iitwayo DRC-1339, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya kudhibiti ndege waharibifu. Kwanza kunguru huzoeshwa nyama safi mahali pamoja kwa siku kadhaa, kisha hupewa nyama yenye dawa. Dawa hiyo huharibu figo polepole, hivyo ndege hufa saa nyingi baadaye, mara nyingi akiwa kwenye mti wa kulala, na wenzake hawahusishi kifo hicho na chakula. Kwa kuwa dawa huvunjwavunjwa mwilini, hatari kwa anayekula mzoga ni ndogo. Ilitumika Malindi na Watamu, kisha Dar es Salaam, ambako idadi ya kunguru ilishuka sana na kuanza kupanda tena mradi uliposimama. Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha.

Dawa hiyo ni ya wataalamu wenye kibali. Sumu za panya au za mazao zinazopakwa kwenye nyama na kutupwa uani ni jambo la kukemewa vikali: huua paka, mbwa, mwewe na bundi, na zinaweza kuua mtoto, ilhali kunguru wakishawaona wenzao wameanguka hawatarudi kuigusa.

Mwenye bustani anayo mengi ya kufanya pasipo sumu. Pipa la taka liwe na mfuniko mzito, na mabaki ya samaki na matumbo ya kuku yafukiwe siku hiyohiyo. Vifaranga wafungiwe kwenye banda lenye wavu juu mpaka wakue. Kando ya ua zipandwe bogenvilia au miti mingine yenye miiba na majani mazito, kwani ndege wadogo hupenya mahali ambapo kunguru hapenyi. Kiota cha kunguru kivunjwe kikiwa na mayai. Kikivunjwa kitupu hujengwa upya katika siku chache. Lakini kabla ya kupanda ngazi, lazima ihakikishwe kuwa si cha kunguru mwenye kifua cheupe.

Kisiwa cha Sokotra, nchini Yemeni, kilifanikiwa kuwaondoa kunguru hawa wote kufikia mwaka 2009, kwa kuwa waliingia wachache na hatua zilichukuliwa mapema, watoto wa vijijini wakishiriki kukusanya makinda kutoka viotani. Miji ya pwani ya Kenya na Tanzania imechelewa mno kwa njia hiyo. Miji ya bara ambako kunguru wa Kihindi ndio kwanza anaonekana mmoja mmoja bado inayo nafasi, na anayemwona huko atoe taarifa kwa ofisi ya wanyamapori siku hiyohiyo.