Nyundo ya Dalali

Mkulima aendaye mnadani kununua lori yampasa ajue kwanza nguvu ya nyundo ya dalali. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa yasema kwamba mauzo hukamilika nyundo inapogongwa. Kabla ya hapo, aliyetaja bei aweza kuiondoa. Baada ya hapo amefungwa. Mwenye gari haruhusiwi kupandisha bei, yeye mwenyewe wala kwa kumtuma mtu, ila haki hiyo iwe imetangazwa. Akifanya hivyo kwa siri, mnunuzi aweza kuyahesabu mauzo kuwa ya hila. Basi injini ikaguliwe mapema, na pia jina lililoandikishwa serikalini, kwani sheria humhesabu huyo kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Majuto huja baada ya nyundo.